Shingo Tupu ya Asekon

Siku tulipopanga somo la sauti, Kahin alimwambia wifi yangu Asekon avue shanga, nami nilikuwepo, nimeshika birika la chai, na sikusema neno.

Kikundi chetu hukutana Kakuma, upande wa kambi, katika chumba kilicho nyuma ya kanisa. Nusu yetu ni wakimbizi, wengi wao kutoka Sudan Kusini. Nusu nyingine ni sisi Waturkana wa mjini. Mwenyekiti ni Nyachuol, mama wa Kinuer ambaye akicheka hata kuku wa jirani hutawanyika. Mwaka huu tuliamua kuandaa warsha za kutengeneza filamu kwa simu, siku tatu Kakuma na siku tatu Lodwar, katika ukumbi mdogo wa Kanamkemer. Mwalimu angekuwa Kahin, kijana Msomali aliyekulia kambini, ambaye amepiga video za harusi mpaka wazee wanamjua kuliko mashehe. Mimi nilifagia, nilipika chai, na nilitafsiri pale Waturkana walipokwama. Shule niliacha darasa la tano. Kwenye mikutano nilikaa karibu na mlango.

Kahin alikuwa amebandika karatasi kubwa ukutani. Siku ya kwanza, kushika simu na kutafuta mwanga. Siku ya pili, sauti. Siku ya tatu, kukata na kuunganisha.

"Siku tatu haitoshi," Nyachuol alisema. "Sisi ni watu ya maneno mingi."

"Mama, filamu ni kupunguza maneno."

"Basi tafuta watu wengine wa kufundisha. Wanuer umekosa."

Watu walicheka. Kahin akatoa kipaza sauti kidogo, kama punje ya harage, chenye waya mwembamba. Alisema kila mwanafunzi atabandikwa hicho kifuani na kueleza habari zake, kwa hiyo ni lazima tukijaribu kwanza tujue somo litachukua muda gani. Asekon alisimama kabla hajaombwa. Ndivyo alivyo. Ni mke wa kaka yangu Aukot, tunaishi naye nyumba moja hapo Kakuma mjini, tunauza makaa pamoja, na katika nyumba hiyo yeye husema sehemu yake na sehemu yangu.

Akabandikwa kile kipaza sauti, akaeleza jinsi alivyojifunza kusuka vikapu. Kahin alipoturudishia sauti, tulisikia kra, kra, kra, na maneno kwa mbali.

"Nani anatafuna mahindi?" Nyachuol aliuliza.

"Ni shanga," Kahin alisema. "Zinagonga maiki. Dada, toa hizo kidogo. Zote, hata hicho chuma. Ni dakika mbili tu."

Lazima nieleze hapa. Shanga za mke wa Kiturkana zinapanda kutoka mabegani hadi kidevuni, na pamoja nazo kuna alagama, pete ya chuma ya shingoni anayovishwa anapoolewa. Anaweza kupunguza shanga akiwa ndani, akijiosha. Lakini kutoa zote pamoja na alagama na kukaa mbele ya watu shingo tupu ni jambo lingine. Anayemwona hivyo haulizi. Anajua kwamba mume amekufa.

Asekon alijua. Aliweka mikono shingoni, akanitazama huku anacheka.

"Nawoi, mama yako akiniona leo?"

Lilikuwa swali. Lilikuwa limeletwa kwangu moja kwa moja, na katika chumba kile hakuna mwingine aliyeweza kulijibu vizuri kuliko mimi. Watu wote wakageuka kunitazama. Nikasikia uso unawaka moto. Nikatabasamu, nikainama kumimina chai.

"Haya, basi," Asekon alisema, akavua.

Shingo yake ilikuwa nyembamba kuliko nilivyodhani, na ngozi ya pale palipofunikwa ilikuwa imepauka. Akainamisha kichwa ili mdomo ukaribie kipaza sauti, akazungumza polepole. Sauti ikatoka safi kama maji ya mtungi. Watu wakapiga makofi. Kahin akainua simu akapiga picha moja, Asekon akiwa bado ameinama hivyo, macho chini, mkono kifuani.

Juma lililofuata tulichagua picha ya kuweka kwenye bango. Simu ya Kahin ilizungushwa mkono kwa mkono. Kulikuwa na picha nyingi za watu wakicheka kwa meno yote, lakini Nyachuol alisimama kwenye ile ya Asekon.

"Hii," alisema. "Hii inashika roho. Ni kama anaongea na Mungu."

Simu ilinifikia. Asekon hakuwepo siku hiyo, alikwenda kuchukua makaa. Nilimtazama ndani ya kile kioo. Nilifungua mdomo. Nyachuol alikuwa ameshaanza kusema juu ya rangi ya maandishi, na Kahin alikuwa anamjibu, na mimi nikaona aibu kumkata kauli mama mtu mzima kwa ajili ya shanga. Nikampa simu aliyekaa kando yangu.

Mabango yalitoka Jumatatu. Juu yaliandikwa SAUTI YAKO ISIKIKE, kisha picha ya Asekon, kubwa, kisha tarehe na mahali, na chini kabisa: WOTE MNAKARIBISHWA. Dereva anayeitwa Abdikadir, ambaye lori lake hupeleka unga na sukari Lodwar na huko mpakani Lokiriama, alibeba ishirini akayabandika Kanamkemer jioni hiyo hiyo.

Mama yangu anaishi Kanamkemer.

Jumanne asubuhi naosha vikombe, simu ikalia.

"Ejok, mama," nikasema.

Hakujibu salamu. Nilisikia pumzi tu. Halafu akasema, kwa sauti ambayo sijawahi kuisikia kwake, ndogo na kavu, "Tangu lini?"

"Tangu lini nini, mama?"

"Nimeuliza tangu lini. Nimesimama hapa dukani, mke wake yuko ukutani, shingo tupu. Nimemwita mtoto wa shule anisomee. Ameniambia watu wote wamekaribishwa. Watu wote, Nawoi! Mmewaita watu wa Lodwar nzima kwenye msiba wangu, na mimi mama mmeniacha nikutane nao ukutani?"

Kikombe kilikuwa mkononi mwangu. Sikumbuki kilianguka saa ngapi.

"Mama, si hivyo. Ni semina. Ni ya filamu."

"Usinidanganye. Mke hujua kabla ya mama." Akanyamaza. "Huyo mtu, alikufa kwa risasi au kwa ugonjwa? Niambie hilo tu."

Hakumtaja jina. Kwetu aliyekufa hatajwi jina lake. Nilipomsikia mama akimwita kaka yangu "huyo mtu", nikakaa chini pale pale penye maji ya vikombe.

"Aukot yuko hai!" nikapiga kelele. Nadhani ni mara ya kwanza katika maisha yangu kupiga kelele. Lakini simu ilikuwa imeshakatika, na nilipopiga tena ilikuwa imezimwa.

Asekon alitoka ndani akanikuta hapo. Nikamweleza. Alishika shingo yake kwa mikono miwili, ingawa shanga zilikuwa zimerudi mahali pake zamani, na hakusema kitu. Asekon, hakusema kitu! Ndipo nilipoogopa kweli.

"Mpigie," alisema baadaye. "Mpigie Aukot."

Kaka yangu alikuwa na mifugo upande wa Lokiriama. Simu yake huwaka siku moja na kuzima kumi, kwa kuwa huko malishoni hakuna mahali pa kuchaji. Tukapiga. Haipatikani. Tukapiga tena mpaka Asekon akaniuliza swali ambalo nilikuwa ninalikwepa.

"Tulimsikia mara ya mwisho lini?"

Tukahesabu. Siku ishirini na mbili.

"Wifi," alisema, "na kama ni kweli? Kama shingo yangu ilijua mbele yangu?"

"Ni maiki iliyokuvua, si Mungu," nikamwambia. Lakini hata mimi nilikuwa nimeshaanza kuona huenda ni kweli.

Nyachuol alipopata habari alikuja mbio, kanga begani upande mmoja tu. Alitusikiliza akiwa amesimama, na uso wake ulibadilika kidogo kidogo.

"Mimi nilisema picha hii inashika roho," alisema. "Mimi! Kwa mdomo yangu." Akageuka kwangu. "Nawoi, wewe ulijua hii desturi?"

"Nilijua."

"Ulikuwa hapo siku ya kwanza. Na siku ya kuchagua pia ulikuwa hapo."

"Ndiyo, mama."

Nilingoja anitukane. Ingekuwa afadhali. Alinitazama tu kwa muda mrefu, mdomo wazi, kama mtu aliyefungua sufuria ya kwake akakuta ndani kitu asichokipika.

Tulifika Kanamkemer saa nane mchana, sisi watatu na Kahin. Kwenye ukuta wa duka bango letu lilikuwa limechanwa, umebaki mkono wa Asekon ulioshika kifua. Nyumbani kwa mama walikuwa wamekaa wanawake kama kumi, wamenyamaza. Mama alikuwa katikati, chini, kwenye mchanga.

Sikumtambua. Nasema kweli. Kichwa kilikuwa kimenyolewa, kinang'aa, kidogo kama cha mtoto. Shanga zake, zile nilizozijua tangu nikiwa mgongoni mwake, zilikuwa zimewekwa kando juu ya ngozi. Nilitafuta mama yangu miongoni mwa wale wanawake wengine kwanza, na nilipomkosa ndipo nikarudi kwake.

Yeye alimtazama Asekon. Asekon alikuwa na shanga zote shingoni.

"Umezirudisha?" mama alisema. "Umeshapata mume mwingine?"

"Mama, sikufiwa," Asekon alisema, akapiga magoti. "Niliambiwa nizitoe kwa sababu zinapiga kelele."

"Kelele." Mama aligeuka kwa wanawake. "Mmesikia? Alagama ya mwanangu inampigia kelele."

"Si hivyo, mama, ni kile kidude..."

"Ilikusumbua usiku au mchana?"

Mwanamke mmoja alicheka kwa bahati mbaya, akajifunika mdomo.

Nyachuol akapiga magoti naye, mwili wake wote mkubwa ukashuka kwenye mchanga, nami nikawatafsiria. "Mama, kosa ni yangu. Mimi na huyu kijana hatukujua. Kwetu shingo ya mtu ni shingo tu."

"Wewe ni nani?"

"Mimi ni mwenyekiti."

"Mwenyekiti wa nini? Wa kuvua watu?"

Kahin alikuwa amesimama nyuma, mkoba wake wa vifaa umebanwa kifuani, rangi imemtoka. Alininong'oneza, "Mwambie pole. Mwambie hata mimi nina mama."

Nikamwambia mama. Nikamweleza yote kwa Kiturkana, tangu birika la chai. Nilisema kwamba niliulizwa na sikujibu, na kwamba picha ilinifikia mkononi na niliipitisha. Nilisema mbele ya wale wanawake wote huku natazama vidole vyangu vya miguu.

"Basi mpigie simu niongee naye," mama alisema nilipomaliza.

"Haipatikani, mama."

"Siku ngapi?"

Sikuweza kudanganya. "Ishirini na mbili."

Wanawake wakaguna wote kwa pamoja. Mama akatikisa kile kichwa kidogo. "Maneno yenu ni mazuri. Lakini ile picha niliiona kwa macho yangu. Maneno hayawezi kuitoa. Mnionyeshe mwanangu. Mpaka nimwone, mimi nimefiwa, na hiyo semina yenu isikanyage Kanamkemer. Nikiona mtu ameshika simu hapa namvunja mkono."

Tulitoka nje. Kahin akakaa juu ya jiwe.

"Amesema nini hapo mwisho?"

"Anataka kumwona."

"Kumwona." Akainua kichwa. "Abdikadir anaenda Lokiriama lini?"

Tulimkuta Abdikadir kwenye yadi, anafunga turubai. Alikuwa anaondoka Jumatano alfajiri, yaani kesho yake. Kahin alimweleza kwa Kisomali, na yule mzee akapiga paji la uso.

"Ni mimi niliyebandika! Wallahi nilibandika vizuri kabisa, na gundi nikaongeza."

"Adeer, mzee wangu, umtafute huyo mtu, umrekodi video kwa simu yangu, basi."

"Mimi? Mimi simu najua kijani na nyekundu. Nyingine hizo sijui."

Kahin akaanza kumfundisha, akamjaza maneno mpaka Abdikadir akashika masikio. Sasa mimi nilikuwa nimeiangalia ile karatasi ya ukutani kila siku nikifagia. Sikujua kusoma kila kitu, lakini siku ya kwanza niliijua. Nikachukua simu ya Kahin bila kumwomba. Nikamwambia Abdikadir aache kushika kama anashika usukani. Jua liwe mgongoni kwako, si mgongoni kwake. Bonyeza hapa, pakiwa pekundu inarekodi. Hesabu tatu kabla hujauliza. Muulize jina, jina la mama yake na ni siku gani leo, ili mama asiseme ni video ya zamani. Usitikisike. Ukifika penye mtandao, mpe kijana yeyote aitume kwa Nyachuol.

"Jaribu kwangu," nikamwambia.

Akajaribu. Alinikata kichwa. Akajaribu tena.

"Dada," alisema, "wewe ndiye mwalimu? Mbona hukuwekwa kwenye bango?"

Jumatano ikapita. Alhamisi ikapita. Tulilala kwa mama, na mama hakutufukuza wala hakutusemesha. Wanawake waliendelea kuja. Kila aliyekuja alimpa mkono mama kisha akamtazama Asekon shingoni. Asekon alianza kutembea kitambaa kimefunika shanga, maana kuzivaa kulikuwa kosa na kuzivua kulikuwa kosa kubwa zaidi. Nyachuol alipiga simu Kakuma akasimamisha warsha zote, hata zile za kule. Jina la kaka yangu halikutajwa katika nyumba ile siku tatu. Alhamisi jioni nilijikuta na mimi nimesema "huyo mtu", nikaziba mdomo kwa kiganja.

Ijumaa saa nne simu ya Nyachuol ikalia mara mbili, kitu kikaingia. Abdikadir alikuwa amerudi hadi Lorugum, penye mtandao.

Tukaisogeza kivulini. Mama alikataa kusogea. "Tazameni nyinyi kwanza," alisema. "Kama ni kaburi, msinionyeshe."

Nikabonyeza.

Kwanza ilikuwa ardhi. Mawe, kwato za mbuzi, viatu vya Abdikadir. Sauti yake ikasema, "Sasa iko nyekundu? Iko nyekundu." Picha ikapanda kama mtu anayeinua ndoo, ikapita mti, ikapita mbingu, ikashuka, ikakutana na mtu aliyekaa kwenye kigoda chake kidogo.

Alikuwa Aukot. Masikio yake, kovu lake la kidevuni.

Asekon alipiga ukelele. Lakini ulikatika katikati, na mimi nilijua kwa nini, maana na mimi nilikuwa nimeona. Kichwa cha Aukot kilikuwa kimenyolewa. Kimenyolewa upya, kinang'aa, hata vidonda vya wembe bado vibichi.

"Moja, mbili, tatu," Abdikadir alihesabu kwa sauti kubwa. "Sema jina lako."

"Aukot."

"Jina la mama."

Kaka yangu alitazama kando. Akafuta pua kwa mgongo wa mkono. "Hilo siwezi kulitaja," alisema. "Wewe mzee unatoka Lodwar, unajua. Usinilazimishe."

"Leo ni siku gani?"

"Ni Alhamisi. Jana alikuja mfanyabiashara wa mbuzi akaniambia nyumbani kwetu shanga zimetolewa, watu wanakaa chini. Hakusema nani na mimi sikuuliza. Nani mwingine? Mzee pale ni mmoja." Akainua macho, akatazama ndani ya simu, moja kwa moja kwetu. "Niambieni tu kama aliugua sana. Nilisema nitakuja baada ya mvua. Niambieni kama aliniuliza."

Kisha vidole vya Abdikadir vikaziba kila kitu, sauti yake ikasema, "Lakini ndugu yangu, mama yako..." na video ikakatika.

Tulibaki tumekodoa macho kwenye kioo cheusi. Nyachuol alishika kichwa. "Amelilia nani?" aliuliza, ingawa alisikia nikitafsiri. "Huyu mtoto amelilia nani?"

"Yuko wapi?" mama aliita kutoka kwenye mchanga. "Mbona mmekufa ganzi? Ni kaburi?"

Nikaenda nikapiga magoti mbele yake, nikainua simu usoni pake, nikabonyeza tena.

Mama alitazama mawe, na kwato, na viatu. Alipotokea Aukot mkono wake ulinyanyuka wenyewe ukagusa kioo, na kwa kugusa akaisimamisha, ikabidi niiendeshe tena. Alimsikiliza mpaka mwisho. Hakulia. Kinywa chake kilifunguka taratibu na kikabaki wazi.

"Amemnyolea nani?" alisema.

Wanawake walitazamana.

"Nimeuliza. Nani amekufa kwake?"

"Ni wewe, mama," nikasema.

"Mimi?"

"Alisikia msiba uko nyumbani. Akadhani ni wewe."

Mama alipapasa kichwa chake kilichonyolewa, akatazama kichwa cha mwanawe kwenye simu, akapapasa tena chake. Nilidhani angecheka. Nilidhani angezimia. Alisimama, ghafla, kama msichana, mchanga ukamwagika kutoka magotini.

"Tangu juzi mwanangu anatembea huko duniani bila mama," alisema, "na mimi nimekaa hapa nakunywa uji! Abdikadir huyo amemwambia ukweli? Amemwambia?"

"Ilikatika, mama. Hatujui."

"Hatujui, hatujui. Kila siku hamjui!" Akamwonyesha Kahin kidole. "Wewe, mvua shanga. Unaweza kunitia humo ndani na mimi?"

Nikatafsiri. Kahin aliitikia kwa kichwa mara nyingi sana kwamba anaweza.

"Mpelekee. Wewe unitie, dereva arudi nayo huko huko alikotoka, amwonyeshe. Na nikishaongea, fanyeni semina yenu, mkitaka mkeshe nayo. Lakini mtu wa kwangu akiguswa shingo, niulizwe mimi kwanza. Si huyu." Huyu nilikuwa mimi. "Huyu akiulizwa anamimina chai."

Wanawake wakacheka, safari hii bila kuziba midomo. Nyachuol, ambaye hakuelewa hata neno moja, alicheka kuliko wote.

Kahin akasema ni heri nishike mimi. Mama akasimama jua likimwangaza usoni. Nikainua simu.

Aliongea kwa muda. Alimwita jina lake. "Aukot," alisema, "Aukot wangu, mimi sijafa, nitazame," na akageuza kichwa huku na huku ili aone ni yeye. Alimwambia kwamba na yeye alimzika siku tatu. Alimtukana kwa kuzima simu. Alimwambia mambo ya tangu alipozaliwa, ya njaa ile waliyotembea wawili tu hadi ziwani, mambo ambayo sijawahi kuyasikia, na Asekon akawa analia waziwazi, na hata wale wanawake waliokuwa wanacheka wakawa wamenyamaza. Halafu akamaliza, akafuta uso kwa kiganja, akakaa chini amechoka.

Niliangalia simu. Hapakuwa na pekundu. Nilikuwa sijabonyeza.

Watu walikuwa wameanza kuongea, Nyachuol anamkumbatia Asekon, Kahin ananyoosha mkono apokee simu. Hakuna aliyejua ila mimi. Nikamtazama mama, amefumba macho, amemaliza yote aliyokuwa nayo.

"Mama," nikasema.

Walikuwa wanapiga kelele.

"Mama!" Wote wakageuka. "Sikubonyeza. Haikuingia hata neno. Inuka useme tena."

Mama alifumbua macho. Alinitazama, na nikaona hasira ikija kutoka mbali, na nikaendelea kusimama pale pale, simu juu.

"Hata neno?"

"Hata moja."

"Wewe mtoto," alisema. Akashika mkono wa jirani yake, akajiinua, akajipangusa mchanga. "Haya. Bonyeza nikiona."

Nikabonyeza akiona. Pakawa pekundu. Nikahesabu tatu.

"Aukot," mama akaanza, "dada yako ni mjinga, lakini mimi niko hai."